Kibali cha Mtu wa Miguu

Mtu wa kwanza kujibu tangazo letu alifika na gunia la miguu ya ng'ombe.

Msicheke bado. Nilikuwa ofisini kwangu, katika hospitali ya misheni iliyo kilimani juu ya mji wa Nyeri, nikingojea mtaalamu. Mlango ukagongwa, akaingia bwana mmoja mchangamfu kutoka Karatina, akashusha gunia sakafuni na kujipangusa mikono.

"Madam, nimeona kwa ubao pale soko, ati mnatafuta mtu wa miguu. Mimi niko na miguu safi, imechomwa manyoya vizuri kabisa. Mnataka ngapi kwa wiki?"

Nikamweleza kwamba tunatafuta mtu wa kutengeneza miguu ya watu.

"Ya watu?" Alinitazama, akatazama mlango, akabeba gunia lake akatoka bila kuaga. Nilimsikia kwenye korido akimuuliza mlinzi kama hii ni hospitali kweli.

Naitwa Agnes Wangechi. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa karatasi za wafanyakazi: barua za kuajiri, likizo, kustaafu, na mwishoni vibali vya kazi vya wageni, hadi watu wakaniita Madam Pamiti, yaani wa permit. Nimestaafu. Lakini binti aliyekalia kiti changu alinipigia simu juzi akaniuliza, "Auntie, kile kipande cha fomu kinachosema hakuna Mkenya anayeweza kazi hii, mlikuwa mnajuaje kwamba kweli hakuna?" Nilitaka kumjibu kwa simu, nikaona maneno ni marefu. Kwa hiyo ninawaandikia nyinyi nyote mnaoingia kwenye ofisi hizo sasa.

Kwanza muelewe kibali chenyewe. Mwajiri akitaka mgeni, lazima aonyeshe mambo mawili. La kwanza, kwamba alitangaza kazi hiyo na hakupata mtu wa hapa. La pili, kwamba yuko Mkenya atakayekaa kando ya huyo mgeni ajifunze, ili siku moja mgeni aende na kazi ibaki. Jina la Mkenya huyo linaandikwa kwenye fomu. Siku hizi mnajaza haya yote mtandaoni, na mfumo unawarudishia picha ya pasipoti kwa sababu ni nzito mno au imekaa kichwa chini. Sisi tulianza na makaratasi na tukamaliza na mtandao, na ninaweza kuwaambia kwamba makosa yangu makubwa hayakutokana na kimoja wala kingine. Yalitokana na kuandika kitu nisichokielewa.

Aliyenifundisha kazi, Mzee Kariuki, alikuwa karani wa zamani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kuandika barua ya kumwajiri dereva, anapanda gari naye. Kabla ya kuandika ya mpishi, anakaa jikoni asubuhi nzima. Nilikuwa namwona mzee anayependa kutoroka meza. Alipostaafu nikaacha desturi hiyo, nikaandika kwa haraka, na watu wakanisifu kwa wepesi.

Sasa hospitali yetu ilikuwa na karakana ndogo nyuma ya wodi ya wanaume, mahali pa kutengenezea miguu na mikono ya bandia. Mzee aliyeiendesha aliugua akaacha kazi, karakana ikafungwa. Ajali za pikipiki ziko huku kwetu kila siku, na ugonjwa wa sukari nao unakata watu miguu. Wagonjwa wakaanza kutumwa Nairobi, na wengi hawakuwa wakienda. Wakarudi nyumbani na magongo.

Nikatangaza. Kwenye gazeti niliandika "Mtaalamu wa viungo". Kwa ubao wa soko, karani mmoja akafupisha zaidi, ndiyo mkaona bwana wa gunia. Wakaja pia mafundi wawili, mmoja wa viatu na mwingine wa makochi. Nikatangaza tena kwa maneno yale yale, hakuja mtu. Nikaandika: Hakuna Mkenya aliyepatikana. Nikapiga muhuri.

Meneja wetu alikuwa amepata jina la mtu mmoja kutoka Togo, aliyesomea kazi hiyo na kuifanya miaka mingi. Vyeti vyake vikaja kwa Kifaransa. Nikampelekea mwalimu wa Kifaransa wa sekondari moja hapa karibu, akatafsiri vizuri, kurasa nne. Mimi kurasa nne niliona nyingi. Nikachukua mstari mmoja uliotaja viatu maalumu vya wagonjwa, nikaandika kwenye ombi kwamba tunamleta fundi wa viatu vya wagonjwa.

Ombi likakataliwa. Nikasafiri hadi Nairobi kuuliza, nikaketi mbele ya afisa mmoja mwenye adabu sana. Alisoma ombi langu polepole, kisha akanitazama.

"Madam, unatoka Nyeri?"

"Ndiyo."

"Na pale Karatina fundi wa viatu wameisha?"

Nikakusanya karatasi zangu nikaondoka. Njiani kurudi nilikuwa na hasira naye, lakini tulipofika Sagana hasira ilikuwa imegeuka swali. Huyu mtu wa Togo anafanya nini hasa, kuanzia anapovaa aproni hadi anapoivua? Sikujua. Nilikuwa nimemwombea mtu ruhusa ya kuvuka Afrika nzima kwa kazi ambayo singeweza kumweleza mtoto wa darasa la tatu.

Nikakumbuka desturi ya Mzee Kariuki. Karakana ilikuwa imefungwa, kwa hiyo niliamua kumtafuta mtu anayevaa mguu. Kwenye mafaili nikampata Mama Wairimu wa Mukurweini, mkulima wa kahawa na ng'ombe wawili wa maziwa. Pikipiki ilinishusha mlangoni kwake nikiwa nimejaa vumbi. Nilimkuta akikamua, amekaa juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, na mguu wake wa bandia umeegemezwa kwenye ukuta wa zizi kama mwiko.

"Huo siuvai nikikamua," akasema baada ya salamu. "Unaniuma mpaka ng'ombe anajua. Nikikasirika anazuia maziwa."

Alipomaliza alinikaribisha nyumbani, akanipa chai, akaniwekea ule mguu mapajani. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.

"Weka mkono ndani," akaniambia. "Hapo juu, kwa hicho kikombe. Hiyo ndiyo inaitwa soketi. Hapo ndipo kigutu changu kinaingia. Mzee wa karakana alinitengenezea nikiwa mnene. Sasa nimekonda, inacheza. Naweka matambara. Ona."

Akanionyesha kidonda. Nikageuza uso, akanigusa goti ili nitazame.

"Wewe kiatu chako kikikubana unavua. Mimi huu mguu unabeba mimi yote, na ndoo ya maziwa, na debe ya kahawa. Ikiwa fupi kidole kimoja, mgongo unalia. Ikiwa refu, naanguka. Sasa niambie, hiyo ni kazi ya fundi wa viatu?"

Nilimwomba arudie kila kitu tangu mwanzo, nikaandika. Jinsi yule mzee alivyofunga kigutu kwa plasta kupata umbo, alivyomimina, alivyosugua mahali pa mfupa, alivyomsimamisha kati ya vyuma viwili vya kushikilia na kumtazama akitembea, akalegeza skrubu, akakaza, akamtazama tena. Nilikaa kwake hadi saa tisa. Ombi la pili niliandika kwa maneno ya Mama Wairimu karibu yote. Kibali kilitoka, cha miaka miwili.

Lakini nimeruka kitu, na ni kitu cha aibu. Kile kipande cha Mkenya atakayejifunza. Meneja alisimama nyuma ya kiti changu akasema, "Andika Dennis." Dennis alikuwa mpwa wake, kijana mwenye diploma ya mambo ya biashara. Nikauliza kama Dennis anataka kazi ya miguu. Meneja akasema, "Madam, ni jina tu, fomu inataka jina." Nikaandika. Dennis alikuja siku mbili, akaona plasta inachafua suruali, akapata kazi kwingine. Jina lake likabaki kwenye fomu likijifunza peke yake.

Kossi, ndiye huyo mgeni, alikuja na sanduku moja la nguo na mawili ya vifaa. Mtu mrefu, mkimya, mwenye vidole vyembamba. Sisi wa huku herufi s ina tabia ya kutuponyoka, kwa hiyo wazee wa wodi walimwita Kothi, naye akaitika. Siku ya kwanza alizunguka karakana akigusa kila chombo, kisha akaniuliza kwa Kiingereza cha kitabuni kwa nini vise ya mezani, ile ya kubania vitu, imefungwa mbali hivyo na dirisha. Sikujua. Akaihamisha.

Seremala wa hospitali aliitwa kusaidia kuihamisha pamoja na meza yake. Huyo ni Gichuru, mtu wa miaka zaidi ya hamsini, aliyeacha shule darasa la saba, ambaye alikuwa akitengeneza vitanda na milango ya hospitali tangu ujana wake. Alikuja kuhamisha meza. Kesho yake akarudi kuuliza ile plasta hukauka kwa muda gani. Siku iliyofuata akaja kuuliza kwa nini mguu hauwekwi wima kabisa, kwa nini umeinamishwa kidogo ndani. Kossi akamchorea kwenye ubao. Wiki mbili baadaye nikipita dirishani niliwaona wameinama juu ya kigutu cha mtoto wa shule, mmoja anashika, mwingine anafunga plasta.

Kiswahili Kossi alifundishwa na Gichuru, kwa hiyo mngemsikia mngedhani amezaliwa Othaya, hapa hapa Nyeri. "Madam, niko na maswali mbili," ananiambia. "Hiyo mguu ya yule mzee bado haijaisha." Padri mmoja alijaribu kumsahihisha, Kossi akamjibu kwamba Gichuru husema hivyo na Gichuru anaeleweka.

Mama Wairimu alikuwa kati ya watu wa kwanza. Kossi alimtazama akitembea mara nne, akatupa mguu wa zamani kwenye kona, akaanza upya. Siku alipouvaa mpya alizunguka uwanja wa hospitali akapita mbele ya dirisha langu mara tatu makusudi, bila kunitazama, kama mtu mwenye haraka zake.

Miaka miwili ikakaribia kwisha. Nikaomba kibali kiongezwe, na kabla ya kujibiwa akaja afisa wa vibali kukagua. Aliitwa Madam Nekesa, mama wa makamo, buti za mvua miguuni na daftari jembamba mkononi. Alitaka kumwona Dennis.

Meneja akasema Dennis yuko likizo.

Madam Nekesa akaandika. Kisha akaniambia nimwonyeshe choo, na tulipofika kwenye korido akasimama.

"Madam Wangechi, sitaki choo. Huyu Dennis anakuja kazini?"

 Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na miezi michache kustaafu. Nilijua kwamba nikisema kweli, huenda Kossi akaondoka, na orodha ya wanaongojea miguu ilikuwa ukurasa mzima. Nikisema uongo, ningesema kwa mdomo wangu kitu ambacho hadi hapo nilikuwa nimekisema kwa kalamu tu. Sijui kwa nini mdomo uliona haya kuliko kalamu.

"Hapana," nikamwambia. "Nilimwandika mimi. Alikuja siku mbili."

"Sasa nani anajifunza?"

Nikampeleka karakana. Gichuru alikuwa amepiga magoti mbele ya mzee mmoja aliyekuwa akijaribu mguu kati ya vile vyuma. Mzee alitembea, Kossi akasema ni sawa. Gichuru akatikisa kichwa.

"Hapana, Kothi. Sikia. Huu unalia 'tu'. Ule mwingine unalia 'taa'. Huu wetu ni mrefu."

Kossi akafumba macho, akamwambia mzee atembee tena. Tu, taa. Tu, taa. Akacheka, akampa Gichuru ufunguo wa skrubu. Madam Nekesa aliweka daftari kwenye benchi na yeye pia akafumba macho kusikiliza.

"Una cheti gani?" akamuuliza Gichuru baadaye.

"Cha ubatizo," Gichuru akasema, wala hakuwa anafanya mzaha.

Kabla hajaingia garini, Madam Nekesa aliomba kuona tangazo la kwanza, lile la kutafuta mtu. Nikamtolea faili. Alisoma "Mtaalamu wa viungo", akasoma lile la soko, akafunga faili.

"Uliandikia chuo kinachofundisha kazi hii?"

"Hapa Kenya?"

"Hapa Kenya."

Vijana, niwaambie jinsi nilivyohisi. Nilihisi kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima, na mtoto akamwambia iko usoni. Kazi hiyo hufundishwa hapa nchini. Si wengi wanaoisomea, lakini wapo. Mimi sikuwahi kuuliza. Niliweka tangazo mahali wasiposoma, kwa jina wasilolijua, kisha nikapiga muhuri kwamba hawapo.

Nikaandikia chuo siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja na majina machache ya waliomaliza na hawajaajiriwa katika kazi hiyo. Moja lilikuwa Halima Guyo, wa Nanyuki. Nanyuki! Ningemfikia na kurudi kabla ya chakula cha jioni.

Nilimpelekea meneja barua. Aliisoma akiwa amesimama.

"Rudisha kwenye bahasha," akasema. "Kossi tunamjua. Kazi yake tunaijua. Huyu msichana hatumjui. Ukimtaja kwa huyo afisa, tutapoteza mtu mzuri kwa sababu ya mtu wa kwenye barua."

Na hakuwa mtu mbaya, meneja. Alisema kitu cha maana. Niliiweka barua kwenye droo wiki nzima. Nilikuwa nafungua droo kuchukua kalamu, naiona, nafunga. Mwishowe niliona kwamba mwenye haki ya kuijua kabla ya wote ni Kossi. Nikaenda karakana wakati wa chai, nikampa.

Aliisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Wewe ndiye ulinileta hapa," akasema. "Sasa wewe unanitoa."

"Bado sijafanya kitu, Kossi."

"Madam, niko na watoto watatu nyumbani. Wanasoma kwa hii kazi."

Akageukia meza yake. Kwa siku nne alinipita bila salamu, na mtu wa kusalimia kama Kossi akikupita, unahisi. Siku ya tano alikuja ofisini, akasimama mlangoni na koti lake.

"Huyu Halima," akasema. "Soketi ya juu ya goti anajua? Hiyo ni ngumu. Shuleni hawafundishi vizuri. Nimefikiria sana na sijui."

"Hata mimi sijui."

"Basi twende tumwone."

Duka la babake Halima liko karibu na soko la mifugo la Nanyuki: dawa za ng'ombe, kamba, chumvi ya kulamba. Mzee Guyo, mfanyabiashara wa mbuzi na ng'ombe, alitupokea kwa heshima, akatuletea chai yenye tangawizi kabla ya kutuuliza shida yetu. Halima alikuwa nyuma ya kaunta akipima chumvi, msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye sauti ya chini. Nilipomwambia tumetoka hospitali ya Nyeri kwenye karakana ya miguu, kibaba kilibaki hewani.

"Kuna karakana Nyeri?"

"Iko miaka yote. Tulitangaza kwa gazeti."

"Mliandikaje, mama? Maana mimi nilisoma magazeti mpaka nikachoka."

"Mtaalamu wa viungo."

Halima alijikaza, akashindwa, akaangua kicheko hadi akashika kaunta. "Mama, nisamehe. Hilo nililiona! Nilidhani mnatafuta mpishi wa pilau."

Babake naye akacheka, Kossi akauliza kuna nini, na mimi nikalazimika kumweleza kwamba neno moja linaweza kuwa mkono, mguu, bizari au iliki. Kossi hakucheka. Alikuwa anamtazama Halima.

"Umemaliza shule lini? Tangu hapo umetengeneza nini?"

Kicheko kikamwisha. "Hakuna. Sina vifaa." Akaweka kibaba chini. "Nimemtengenezea mmoja tu. Lakini si mtu."

Alitupeleka nyuma ya duka. Kwenye ua, kati ya mbuzi wengine, alikuwapo mmoja mweupe mwenye mguu wa mbele wa bomba la maji. Alivunjika akishushwa kwenye lori, Mzee Guyo akaeleza, akataka kumchinja, binti yake akamwomba wiki mbili.

Kossi alipiga magoti kwenye tope na suruali yake safi. Aliingiza kidole kati ya bomba na kigutu cha mbuzi, akazungusha. Alipima kwa kiganja. Akaomba mbuzi atembezwe kwenda na kurudi. Akafumba macho.

"Hii plastiki uliipasha moto na nini?"

"Maji ya chai. Kisha nikaikunja juu ya umbo la plasta."

"Na hapa ndani, kwa mfupa, kwa nini umechimba?"

"Ndipo alipopata kidonda kwa ule wa kwanza. Huu ni wa tatu."

"Wa tatu," Kossi akarudia. Akabaki amepiga magoti pale, mkono juu ya mgongo wa mbuzi.

"Huyo siuzi," Mzee Guyo akasema, akidhani tunataka bei.

Tukirudi, tulipita Naro Moru, kisha Kiganjo, Kossi akikwangua tope kwenye suruali. Tulipoanza kuona paa za mji wa Nyeri akasema, bila kunigeukia, "Andika kwa huyo afisa. Mwambie yuko mtu. Lakini mwambie pia mtu huyo bado ana mbuzi moja tu. Anahitaji mwaka na mimi."

Ndivyo nilivyoandika, karibu kwa maneno hayo. Nilieleza kosa langu la tangazo na kosa la Dennis, nikaweka jina la Halima, na chini yake, mahali ambapo hapakuwa na nafasi, nikaongeza jina la Gichuru. Meneja alikataa kutia sahihi siku mbili. Siku ya tatu alishuka karakana mwenyewe, akakaa kwenye benchi karibu na mlango karibu saa nzima. Sijui aliona nini. Alirudi akatia sahihi, akaniambia kama tutabaki bila mtu nitawatengenezea wagonjwa miguu mimi. Nikamwambia sawa.

Kibali kilitoka cha mwaka mmoja, cha mwisho, na Halima akaajiriwa.

Msidhani mwaka huo ulikuwa wa kushikana mikono. Kossi alikuwa mkali kwa Halima kuliko kwa mtu yeyote. Alimrudisha kwenye soketi moja mara sita. Siku moja nilimkuta Halima nyuma ya tangi la maji akijifuta macho kwa ncha ya mtandio, Gichuru amesimama kando yake akiwa na vikombe viwili vya uji.

"Kothi hapigi kelele kwa mtu hajui," Gichuru alikuwa anamwambia. "Mimi miezi mitatu ya kwanza aliniambia 'vizuri, vizuri' kila siku. Siku alinikaripia ndiyo nilijua sasa nimeanza. Kunywa uji."

Halima alimfundisha Gichuru kusoma vipimo vya kwenye vitabu, naye Gichuru akamfundisha kusikiliza hatua. Mzee mmoja wa Mwea, mkulima wa mpunga aliyekuwa amekatwa juu ya goti, ndiye aliyekuwa mtihani. Ni mguu ule mgumu, na zaidi ya hayo mzee alitaka kuingia nao kwenye matope ya majaruba. Kossi alikaa kwenye kiti cha kona, mikono chini ya mapaja ili asiinuke, akawaacha wawili hao. Ilichukua wiki tano. Mzee alianguka mara mbili, mara ya tatu akafika mwisho wa vyuma, akageuka, akaendelea hadi mlangoni, akatoka nje. Tulimkuta amesimama kwenye bustani ya mboga ya hospitali, kwenye udongo uliotoka kumwagiliwa, akijaribu kama mguu utakwama. Haukukwama. Kossi alikuwa bado kwenye kiti. Alikuwa amesikiliza tu.

Mimi nilistaafu mwezi ule ule kibali kilipoisha. Kossi alikuwa amepata kazi Zambia. Huwa najiuliza karani wa huko aliandika nini kwenye ombi lake, na kama alikwenda kwanza kumtazama mtu akitembea.

Kazi yangu ya mwisho hospitalini ilikuwa kufunga faili lake. Kuna fomu ya kurudisha kibali, na ina mstari unaouliza sababu ya mgeni kuacha kazi. Kwa kawaida huandikwa tu kwamba mkataba umekwisha. Kossi alikuwa ameketi mbele yangu, masanduku yake matatu mlangoni, na kutoka karakana tulisikia nyundo ya Gichuru na sauti ya Halima ikimhesabia mtu hatua.

"Nipe kalamu," akaniambia. "Hiyo mstari nitaandika mimi."

Aliandika taratibu, kwa herufi kubwa, Kiswahili chake kile cha Othaya. Kisha akageuza karatasi ili nisome kama iko sawa. Ilisema: "Sasa wako watu."

Nilitia sahihi chini yake, nikapiga muhuri.